Mgonjwa wa akili hupona, au hupata nafuu tu? Darasani kwetu tumegawika

#1 Nesi_Mtarajiwa
Asalaam alaykum wanajukwaa.

Nasoma uuguzi, mwaka wa tatu, hapa Unguja. Juzi tumerudi kutoka fildi ya afya ya akili. Mwalimu akatugawia vipande vya karatasi, kila mtu aandike bila ya jina: mgonjwa wa skizofrenia, yale maradhi ya akili ya kusikia sauti na kuona yasiyokuwepo, hupona? Na kama hupona, utajuaje?

Tulikuwa zaidi ya thelathini. Waliosema hupona walikuwa watatu. Karatasi nyengine zote zilisema hatulii ila kwa dawa, na alama zake zilikuwa zile zile mbili: hasikii tena sauti, na anameza dawa bila ya kugombana na nesi. Hakuna aliyeandika kazi. Hakuna aliyeandika ndoa, wala kulala kwake, wala kuaminiwa na watu. Nami niliandika kama wenzangu.

Kinachonisumbua ni hiki. Wodini palikuwa na mama mmoja, rika la mama yangu. Kila asubuhi tulikunja mashuka pamoja, na yeye ndiye aliyekuwa akinambia nani hakula jana usiku. Siku ya kuruhusiwa niliandika kwenye faili "hali imetulia". Akanchungulia begani: "Mwanangu, umeandika nimepona?" Nikamwambia ndiyo. Mpaka leo sijui nilimdanganya au nilisema kweli bila ya kujua.

Nataka kusikia kwenu, wenye wagonjwa majumbani, wenye kufanya kazi hii, na waliowahi kuumwa kama mpo. Sisi wanafunzi tukisema "kupona" tunasema nini hasa?

#2 Karafuu_Mbichi
Waalaykum salaam. Mie Mpemba wa Konde, nasema nionavyo. Mtu akipona haendi tena kliniki. Mjomba wangu anachomwa sindano ya mwezi, mwaka wa kumi na moja huu. Ikimpita mara mbili anaondoka usiku, tunamkuta pwani anasema na maji. Bila ya sindano hatuna mjomba. Hiyo mwaiita kupona? Wenzio darasani wamesema kweli, wasilaumiwe.

#3 Bi_Mshoni
Karafuu, mimi nina presha mwaka wa tisa. Kila asubuhi kidonge. Nashona, naoza watoto, naenda shughulini. Sijapona, na hakuna anayeniita mgonjwa mbele za watu. Kwa nini mjomba wako kidonge chake kimhukumu na changu kisinihukumu?

#4 Karafuu_Mbichi
Presha yako haikutoi nyumbani usiku, mama. Kwa heshima lakini.

#5 Wodi_Nne
Nimefanya uuguzi wa akili miaka 22, wodini na kliniki. Nesi_Mtarajiwa, fildi mmekaa wiki ngapi? Nne? Sita? Katika wiki hizo umewaona watu wa aina mbili: waliozidiwa siku ile, na wale wanaorudi rudi. Aliyeumwa mara moja akiwa na miaka 20, akatibiwa, na leo anauza vitambaa Darajani, huyo hutamuona wodini asilani. Aje kufanya nini? Mimi hukutana nao sokoni. Wengine hujifanya hawanijui, nami siwasemeshi mpaka wanisalimie wao.

Kwa hiyo karatasi zenu thelathini hazikueleza maradhi. Zilieleza wodi. Jambo hili lina jina kwa wasomi, clinician's illusion, yaani mganga kudanganyika na anaowaona. Wamarekani wawili, Patricia Cohen na Jacob Cohen, waliliandika 1984: mganga huwaona zaidi wale ambao maradhi yao ni ya muda mrefu, kisha hudhani kila mgonjwa yuko hivyo. Ni sawa na mtu akae bandarini Malindi siku moja ya upepo, kisha aseme bahari haipitiki mwaka mzima.

#6 Kitabu_Mkononi
Wodi_Nne kanifungulia mlango. Kuna utafiti wa Vermont, Marekani. Wagonjwa 269 wa hospitali ya akili ya jimbo, waliokuwa wodi za nyuma kabisa, wale ambao kila mtu alishawakatia tamaa. Walitolewa miaka ya 1950 wakiwa na msaada wa makaazi na kazi, wakafuatiliwa kwa wastani wa miaka 32. Matokeo yalitoka 1987: baina ya nusu na thuluthi mbili walikuwa wamepata nafuu kubwa au wamepona kabisa. Miaka 32, ndugu zangu. Sisi twampima mtu kwa wiki sita za fildi.

Na Shirika la Afya Duniani nalo lilifanya utafiti Afrika Mashariki miaka ya 1990, likaona kwetu watu hupona zaidi kuliko Ulaya.

#7 Mkaazi_wa_Tunguu
Ya Vermont sawa. Hiyo ya Shirika la Afya umekosea mahali na umekosea mwaka. Ilianza mwishoni mwa miaka ya 1960, na kituo cha Afrika kilikuwa Ibadan, Nigeria. Cha India kilikuwa Agra. Sisi hatukuwamo. Ni kweli walisema wagonjwa wa Ibadan na Agra waliendelea vizuri kuliko wa nchi tajiri, lakini maneno hayo yanagombaniwa mpaka leo. Mwaka 2008 walitoka watafiti waliopitia tafiti 23 kutoka nchi 11 za kipato cha chini na cha kati, wakasema mambo hayakunyooka hivyo: kuna walioachwa bila ya matibabu kabisa, kuna waliokufa mapema. Tusijisifu bure.

Aliyekuja kwetu ni Mmarekani mwengine, Juli McGruder, mwanaanthropolojia. Miaka ya 1990 alikaa na familia za Zanzibar zenye wagonjwa wa skizofrenia, akiangalia jamaa wanavyoishi na mtu wao.

#8 Kitabu_Mkononi
Nimesahihika, ahsante. Nilichanganya hizo mbili.

#9 Dada_wa_Jangombe
Hapo kwa "jamaa wanavyoishi na mtu wao" ndipo penyewe. Nitasema ya kwetu.

Kaka yangu aliumwa akiwa kidato cha tatu. Bibi, Mungu amrehemu, hakuwahi kumuuliza "leo vipi kichwa?" Asubuhi alimpa mbuzi na nazi mbili akune. Siku akikuna zote, zote. Siku akikuna nusu, nusu. Hakusifiwa, hakulaumiwa. Akicheka peke yake bibi alikuwa anasema "lete na tui", basi. Miaka mitano hakulazwa.

Bibi alipofariki akahamia kwa ndugu yetu mkubwa. Watu wema wallahi, wanampenda. Lakini kila saa: umemeza? Umeoga? Mbona wacheka? Usitoke. Kaa hapa. Mwezi wa pili tu akarudi wodini. Na dawa zilikuwa zile zile, nazipokea mimi mwenyewe kliniki.

Baadae nikaja kusoma kwamba London, tangu miaka ya 1950 na 1960, George Brown na wenzake waliliona hili: mgonjwa aliyerudi kwenye nyumba ya lawama na ya kushughulikiwa kupita kiasi maradhi yalimrudia zaidi kuliko mwenziwe. Niliposoma nililia. Nilimuona bibi na mbuzi yake.

#10 Karafuu_Mbichi
Hapo kwa bibi nimenyamaza. Ila Dada, siku za nusu nazi wali ulikuwaje?

#11 Dada_wa_Jangombe
Mkavu, na sote tuliula. 😊

#12 Mwana_wa_Maalim
Asalaam alaykum. Mtume (SAW) amesema Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa. Mwanafunzi wa Kiislamu anayeandika "hayaponi" ajiulize anaandika kwa elimu gani.

Lakini nina jengine. Baba yangu ni msomaji. Wanakuja kwake kwa kisomo, anawaandikia kombe kwa zafarani wanakunywa, na akiona mtu hajalala siku nne huwaambia jamaa wampeleke hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu siku hiyo hiyo, kisomo kitamfuata huko. Wanaokuja ni pamoja na wanafunzi wa afya na wazee wao. Mchana wanaandika kwenye mtihani kwamba ni dopamini, kemikali ya ubongo, usiku wanaleta mtu wao asomewe. Siwacheki. Nasema wana vichwa viwili vya habari na hakuna mwalimu aliyewasaidia kuviweka meza moja. Kwa hiyo wakiulizwa "hupona?" hujibu kwa kile kichwa cha darasani tu, na kile chengine hukificha.

#13 Nesi_Mtarajiwa
Umenigusa. Wale watatu waliosema hupona, wawili nawajua. Wote wana mtu nyumbani aliyesomewa.

#14 Babu_wa_Wete
Vijana, naongezea la zamani. Sikuhimizeni mufanye, naeleza tu nilivyokuta.

Pemba tulikuwa na ngoma ya masheitani ya rubamba, mjini na kwengine walikuwa na kibuki. Mtu akipandisha, fundi hakumuahidi kumtoa huyo sheitani. Aliuliza: jina lako nani, wataka nini, ukipewa utamuacha mwenye kiti afanye kazi zake? Wakapatana. Aliyeumwa akabaki na wake, anamjua, anajua siku zake, anajua akichukizwa na nini. Akaoa, akalima, na siku ya ngoma akakaa kiti. Hakuna aliyesema kapona na hakuna aliyesema mgonjwa. Alikuwa na watu wake.

Sasa nikiwasikia wasomi wakisema mtu aweza kuishi maisha yake na maradhi yakiwemo, hilo kwetu si neno geni.

#15 Mwana_wa_Maalim
Babu, heshima yako. Ngoma hizo dini haizikubali na siwezi kunyamaza. Lakini umeeleza sawa walivyokuwa wakifanya, na tofauti uliyoitaja ni ya kweli: kisomo hutaka kumtoa, wao walitaka kupatana naye.

#16 Babu_wa_Wete
Nimekusikia, mwanangu. Hatugombani.

#17 Safi_Miaka_Sita
Mimi sikuumwa skizofrenia. Nilikuwa natumia unga. Naingia hapa kwa sababu ya neno.

Nyumba nilizokaa kwetu Unguja zinaitwa nyumba za upataji nafuu. Angalieni hilo jina. Si nyumba za kupona. Upataji: kila siku unaitafuta, kila siku unaipata. Nikisimama mbele ya wenzangu siwezi kusema nimepona, wataniogopea, maana anayesema kapona ndiye anayerudi maskani kujaribu mara moja tu. Nasema nimo katika kupata nafuu, mwaka wa sita, alhamdulillah.

Na waliotuongoza mle ndani walikuwa waliopita njia hiyo hiyo. Nikamuona mtu aliyelala barazani na mimi sasa kavaa kanzu safi ana funguo za nyumba. Hakuna mafunzo yaliyonishinda nguvu kama kuziona zile funguo. Wanafunzi wa afya ya akili mmewahi kufundishwa darasani na mtu aliyepata nafuu? Namaanisha amesimama ubaoni, hakulala kitandani.

#18 Nesi_Mtarajiwa
Sijawahi. Hata mara moja.

Na umenipa jibu la kitu kilichonikwama. Slaidi zetu ni za Kiingereza. Lile neno lao moja, recovery, linabeba kupona kwa malaria, ahueni ya mgonjwa mahututi, na hiyo nafuu ya kila siku unayoisema wewe. Sisi tukilisoma tunalitia kwenye "kupona" ya malaria: umekunywa dawa siku tatu, homa imekwenda, kwaheri. Tukiulizwa mgonjwa wa akili hupona hivyo, lazima tuseme hapana.

Slaidi yenyewe inamtaja William Anthony, Mmarekani, aliyeandika 1993 kwamba ni njia ya mtu mwenyewe ya kubadilisha mtazamo na malengo yake, aishi maisha yenye tamaa njema na yenye faida hata kama maradhi yana mipaka yake. Inayofuata ina yale mambo matano ya watafiti wa Uingereza wa 2011: kuungana na watu, matumaini, kujitambua, maana ya maisha, na kuwa na sauti juu ya mambo yako. Tunayajua yote matano, tunayakariri kwa herufi zake za mwanzo. Kisha tukapewa karatasi tupu tukaandika "anameza dawa bila ya kugombana".

#19 Mkaazi_wa_Tunguu
Nitakuwa mkali kidogo, mnivumilie. Haya maneno ya nafuu na matumaini ni mazuri, lakini nayaogopa. Mdogo wangu wa kike ana baipola, maradhi ya hisia kupanda sana na kushuka sana. Kuna miezi tumekwenda kituoni tukaambiwa dawa hakuna, kanunueni. Ukishawaambia wakubwa kwamba mtu anaweza kuishi vizuri hata na dalili zake, unawapa sababu ya kutoshughulika na dalili. Mdogo wangu akiwa juu ya maradhi hataki maana ya maisha. Anataka kulala. Mpeni kwanza usingizi, hayo matano yatafuata.

Zanzibar kwa sensa ya 2022 tuko watu 1,889,773, na hospitali ya akili ni hiyo moja ya Kidongo Chekundu. Mtu wa Micheweni anayeambiwa "njia ya kupona ni yako mwenyewe" ataipita kwa nauli ya nani?

#20 Kitabu_Mkononi
Kuna Sheria ya Afya ya Akili ya 2008, ingefaa isimamiwe.

#21 Mkaazi_wa_Tunguu
Hiyo ya 2008 ni ya Bara. Afya si jambo la Muungano, tuna wizara yetu na sheria zetu.

#22 Kitabu_Mkononi
Leo siku yangu ya kusahihishwa. Ahsante tena.

#23 Bi_Mshoni
Nami niseme la dawa, kwa kuwa Ramadhani haiko mbali. Jirani yangu aliacha dawa zake mwezi mtukufu, kaona haya kumwambia daktari kwamba anafunga. Kufika Idi hakuna aliyeweza kumshika. Dawa za mara mbili kwa siku mara nyingi zaweza kupangwa futari na daku, lakini muulizeni daktari kabla, mwezi haujaandama. Na wanaotumia lithiamu, dawa ya baipola, wawe waangalifu zaidi, mwili ukikosa maji dawa hiyo hupanda kwenye damu ikawa sumu. Hao wengine daktari huwaambia wasifunge, na ruhusa ya mgonjwa ipo kwenye dini yetu.

Wanafunzi wa afya muulizeni mgonjwa "utafunga?" Msisubiri akwambieni.

#24 Wodi_Nne
Bi_Mshoni, umetoa somo zima hapo.

#25 Dada_wa_Jangombe
Jengine lisisahauliwe: kupona kwa mgonjwa kumo pia mikononi mwa watu wa nje. Mwaka 1995, wakati wa hofu ya Popobawa, yule sheitani aliyesemwa huwaingilia watu usiku, kijana mwenye maradhi ya akili aliuawa na watu hapa Unguja wakidai ndiye yeye. Nilikuwa mdogo, nakumbuka wazee wakizungumza kwa sauti ya chini. Kila kaka akichelewa kurudi nalikumbuka hilo.

#26 Ubao_na_Chaki
Nimeusoma uzi wote tangu jana. Mimi ndiye mnayemzungumza.

Nina baipola. Nimelazwa mara mbili. Nafundisha skuli ya msingi. Mara ya pili walikuja wanafunzi, wakakizunguka kitanda, mmoja akaniuliza leo siku gani, mwezi gani, rais nani, niondoe saba katika mia mpaka anambie basi. Niliondoa saba mpaka mbili. Hesabu nafundisha. Hakuna aliyeniuliza nafundisha darasa la ngapi. Mmoja tu, wakati wanaondoka, alirudi kunivutia shuka miguuni, akasema "pole mwalimu". Sijui alijuaje. Nikikutana naye nitamtambua.

Mnauliza kama nimepona. Nameza dawa. Mwezi wa Machi mvua zikianza nalala vibaya, mume wangu ananiangalia, mimi namuangalia anavyoniangalia. Mara nyengine nanyanyua sauti darasani kwa kuwa watoto wamepiga kelele, na mwalimu wa chumba cha pili anachungulia mlangoni. Wengine wakinyanyua sauti hachunguliwi mtu. Lakini mwaka wa nne huu mkuu wa skuli ananipa darasa la kwanza, na darasa la kwanza hapewi mtu ovyo, wale wanakuja hawajui hata kushika penseli.

Karafuu_Mbichi, nimekusoma #2 na sikukasirika. Nataka kukuuliza: mjomba wako mwenyewe anasemaje?

#27 Nesi_Mtarajiwa
Mwalimu, ahsante sana kwa kuandika. Tutarudi fildi mwezi ujao, safari hii majumbani, na sheha atatutembeza. Niulize nini nikiingia nyumba ya mtu?

#28 Ubao_na_Chaki
Uliza jana amelala saa ngapi, hilo ni la dawa na Mkaazi_wa_Tunguu kasema kweli. Kisha uliza alikuwa anafanya nini kabla ya kuumwa. Na akikwambia, usiandike haraka. Msikilize kwanza.

#29 Karafuu_Mbichi
Mwalimu, sina jibu. Miaka kumi na moja hatujapata kumuuliza. Tunamuuliza kala, kalala. Keshokutwa nampeleka sindano, nitamuuliza njiani.

#30 Mwana_wa_Maalim
Tuletee habari. Na umuulize mkiwa wawili, si mbele ya gari nzima.

#31 Karafuu_Mbichi
Nimerudi. Nilimuuliza kwenye gari ya shamba, tulikaa nyuma kabisa. Nikasema, mjomba, weye wajiona umepona? Kanyamaza, nikadhani hakusikia. Tulipokaribia kufika ndo kasema: "Mie nataka kukwea."

Waliokuwa mbali na Pemba niwaeleze. Mjomba alikuwa mchumaji karafuu, kabla ya maradhi hakuna aliyemshinda kwa mikarafuu mirefu. Tangu aumwe mama alimkataza, twamuwekea kitako achambue za chini na watoto. Miaka yote hiyo hakusema kitu. Kumbe kila msimu anakaa na wale watoto anatazama juu.

Sasa sijui nimjibu nini. Mkarafuu si mchezo, wazima wanaanguka wanavunjika. Na msimu unakaribia.

#32 Ubao_na_Chaki
Mungu amuhifadhi.

#33 Mkaazi_wa_Tunguu
Mimi ningesema asikwee. Sindano zile huleta kizunguzungu na mikono kutetemeka. Akianguka mtajilaumu maisha.

#34 Dada_wa_Jangombe
Na asipokwea je? Kuna mikarafuu mifupi. Bibi angemuanzia na mfupi.

#35 Wodi_Nne
Msimuamulie hapa. Karafuu, nijibu haya: akisimama ghafla huona kiza? Mikono inatetemeka? Viungo vimekakamaa? Dozi inaweza kuangaliwa upya, na kuna dawa ya kupunguza mtetemeko, lakini aseme mwenyewe kliniki kwamba anataka kukwea, waandike kwenye faili lake. Sidhani kama limo.

#36 Karafuu_Mbichi
Halimo. Kiza hajanambia. Mkono wa kulia, kidogo, asubuhi. Nitamuangalia leo akishika kikombe.